Uso wa Duka: Safari ya Kitale na Bungoma

Mpwa wangu mmoja ana duka dogo katika mji wa Bungoma. Msimu uliopita, mahindi yake yalipokwisha kuuzwa, alinipelekea habari huku Eldoret nikaako, akasema: "Mjomba, ukija kututazama usije moja kwa moja. Pitia Kitale kwanza, utazame maduka ya huko yalivyo, kisha uniambie langu nilifanyeje. Sura yake imechakaa mno. Nina shilingi 60,000, na nikizipoteza sitapata nyingine mpaka mavuno yajayo."

Ombi hilo lilinifurahisha kuliko lilivyostahili. Nilikuwa karani wa ghala kwa miaka mingi, na mtu aliyezeeka ghalani hujiona bingwa wa kupanga vitu. Basi nikatia daftari mfukoni, nikapanda gari la Kitale.

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa upande wake wa magharibi na milima ya Cherangani upande wa mashariki, na mgeni ashukaye garini alfajiri hujuta kuacha koti nyumbani. Mashamba yanayouzunguka yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, wengi wao askari waliopewa ardhi baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kabla ya reli kufika mwaka 1926 mizigo yao ilivutwa kwa magari ya ng'ombe. Maduka ya mji, ambayo mengi yalikuwa ya Wahindi, yalijengwa kwa kufuata maisha hayo. Mkulima alikuja mara chache, akanunua vingi kwa pamoja, na aghalabu akaandikiwa deni daftarini mpaka avune.

Duka la namna hiyo lilikuwa na veranda pana mbele, ili mzigo ushushwe pakavu na mteja angoje mvua ipite. Ndani kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao iliyokikata chumba toka ukuta hadi ukuta, na nyuma ya kaunta rafu zilizofika darini. Mteja hakugusa kitu. Alitaja alitakalo, nalo likashushwa kwa ngazi. Nyuma kabisa mwenye duka aliishi na jamaa zake. Kila sehemu ilikuwa na sababu yake: kaunta ililinda mali, ngazi iliokoa nafasi, na kulala nyuma ya duka kuliokoa kodi ya nyumba.

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, na wafanyabiashara wengi wasiokuwa raia wakalazimika kuacha kazi zao katika sehemu nyingi za nchi. Maduka yakabadili mikono, lakini kaunta zilibaki pale pale. Aliyenunua duka alinunua pamoja na ngazi yake na mizani yake, na desturi ya kumsimamisha mteja mbali na bidhaa. Baadaye ukaongezwa wavu wa chuma juu ya kaunta kwa hofu ya wezi. Na baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wenye maduka wengi wa sehemu hizi hawakuhitaji kushawishiwa kuzidisha vyuma.

Nilitembea mitaani tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Veranda za zamani bado zipo, nawe waweza kwenda duka hata duka bila kulowa, ila sasa yakupasa kuwapisha mafundi cherehani na warekebishaji wa simu waliokaa humo. Katika jengo moja niliona nguzo nne zilizopakwa rangi nne mbalimbali, kila mpangaji amejichagulia yake, na juu yao ukuta mmoja uliobaki na chokaa ya kale. Rangi nyingi si za wenye maduka. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kijani kilienea katika miji yote ya Kenya, nyumba kwa nyumba. Na kabla yake makampuni ya soda, sabuni na mafuta ya kupikia yalikuwa yamezoea kupaka kuta za watu. Mwenye duka hupata rangi bure, na kampuni hupata tangazo. Niliandika daftarini kwamba huo ni mpango mzuri. Baada ya siku mbili nilikuja kuufuta mstari huo.

Jambo lililonivutia zaidi Kitale ni maduka makubwa ya kujichagulia. Khetia's, iliyoanzia papo hapo Kitale kwa kuuza nguo, ni mojawapo. Mteja huchukua kikapu, hupita kati ya rafu, hugeuza pakiti asome bei, kisha hulipa mlangoni. Mtindo huu twaudhania kuwa wa siku zote, kumbe ulianza Marekani mwaka 1916, katika mji wa Memphis, ambapo mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo hata Mmarekani alisimama mbele ya kaunta akisubiri kupewa. Saunders aliona kwamba mtu akiachwa ashike kitu mwenyewe, yeye ataajiri watumishi wachache, na mtu huyo atanunua hata ambacho hakukiwaza alipotoka nyumbani.

Kwa kuwa gari la Bungoma lilikuwa halijajaa, nilikwenda pia kwenye Jumba la Makumbusho la Kitale. Makumbusho hayo yalianzishwa na mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mwaka 1926, na jumba lenyewe likafunguliwa mwaka 1974. Wasomaji watashangaa mtu anayetafuta habari za maduka kwenda kuwatazama vipepeo. Lakini tazama jinsi wanavyopangwa: kila mmoja peke yake, mahali penye mwanga, na chini yake kikaratasi kisemacho ni nani na ametoka wapi. Katika duka la mpwa wangu, nilikumbuka, kiberiti hukaa juu ya chumvi, chumvi juu ya misumari, na bei zote ziko kichwani mwa mtu mmoja.

Toka Kitale barabara huteremka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hata Webuye. Pale Webuye kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza kazi mwaka 1974, na kilipofungwa mwaka 2009 mji wote ulijua. Niliziona dirishani mwa gari kuta zilizopakwa rangi wakati wa neema na zisizopakwa tena. Rangi ya namna ile hukwambia habari za mishahara ya mji bila kuuliza mtu.

Bungoma ni mji wa chini kuliko Kitale, karibu mita 1,400, na jua lake ni kali. Ulikua kandokando ya stesheni ya reli iendayo Uganda, reli ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, na hata leo biashara yake ni ya watu wapitao na watu wa vijijini wanaoleta mazao. Nilifika jioni. Mpwa wangu alinipokea kwa kuniita "Khocha," kama Wabukusu wamwitavyo ndugu wa mama, akachukua mfuko wangu, na kabla sijaketi akaniuliza: "Umeona nini?"

Nikamsomea daftari. Nilisema avunje ukuta wa mbele aweke kioo kikubwa ili bidhaa zionekane toka barabarani, kama nilivyoona Kitale. Tena ajenge veranda, itokeze hatua nne mbele. Tena aombe rangi kwa kampuni fulani ya bidhaa ili fedha yake ibaki. Mpwa wangu alitikisa kichwa kwa kukubali. Mkewe, ambaye ndiye akaaye dukani tangu asubuhi hata usiku, alileta chai wala hakusema neno, maana mimi ni mkwe wake na heshima ilimzuia.

Asubuhi nilikaa kwenye kigoda ndani ya duka, nikatazama. Duka ni la matofali yaliyopigwa lipu, upana wake futi 12 na urefu wake futi 20, nalo laelekea magharibi. Kaunta yake, iliyonunuliwa na marehemu shemeji yangu kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama, ilikuwa ya mti mzuri mzito, na kimo chake kilinifika kifuani. Juu yake ulikuwapo wavu wa chuma hadi darini, wenye tundu la kupitishia mkono. Wavuni zilibaki ndoano nyingi tupu; hizo zilikuwa za kutundikia mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku Agosti 2017. Ndani palikuwa giza hata taa ikawashwa saa nne ya asubuhi.

Kabla ya saa tano niliwahesabu wateja 31. Kumi na tisa kati yao walikuwa watoto waliotumwa: sukari ya shilingi ishirini, mafuta ya kupikia ya kupimwa, sabuni nusu kipande. Sikuziona nyuso zao. Niliona vidole vikishika ukingo wa kaunta, na sauti ikitoka chini. Mama wa duka alilazimika kuinama juu ya kaunta kwa kila mmoja, akiuliza mara mbili, kwa sababu wavu humeza sauti. Mtoto mmoja wa kike alirudishwa na mama yake kwa kuwa alipewa chumvi badala ya sukari; si kosa la mtoto wala la muuzaji, ila hakuna aliyemwona mwenzake akionyesha kidole.

Mchana nilimwambia yule mama, "Mwanangu, jana hukusema. Sema leo."

Akatazama kwanza kama mumewe yu karibu, kisha akasema: "Mjomba, mimi sina haja ya kioo. Jua la jioni litaingia hapa lote. Mafuta yatayeyuka, na pakiti zitafifia rangi, watu watasema nauza vitu vya zamani. Mimi nataka kaunta ishuke. Wateja wangu ni watoto na wazee. Kaunta ikishuka na wavu ukatolewa katikati, nitamwona mtu naye ataniona."

"Na wezi je?"

"Wezi wa mchana hawajapata kunijia. Wa usiku hawaji kwa kaunta, huja kwa paa na mlango. Chuma kiende huko."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesafiri njia ya kuzunguka kutafuta elimu, nayo ilikuwa imekaa nyuma ya wavu miaka tisa. Habari ya veranda nayo haikudumu, maana jirani alinionyesha ukuta wa kibanda kando ya barabara uliopigwa alama ya X nyekundu: umeingia katika ardhi ya barabara, nao utabomolewa. Tulipima kwa kamba, tukaona kwamba hatua nne nilizozisema zingeingia humo hatua mbili. Atakaye kusogeza duka mbele na aanze kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kumwita mwashi.

Ikabaki rangi. Hapo ndipo mpwa wangu aliponieleza jambo ambalo hakuwa ameniandikia. Ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha kupakwa na kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, miaka kadhaa iliyopita. Wakala alikuja na karatasi, akaahidi kwamba kila mwaka watarudi kupaka upya. Hawakurudi hata mara moja. Rangi ikapauka ikawa kama jivu, na jina la bidhaa yao likaendelea kusomeka kwa herufi kubwa kuliko mlango. Kisha akaja mtu wa kukusanya ada ya matangazo ya ukutani. Mpwa wangu alisema tangazo si lake; akaambiwa ukuta ni wake. Akalipa.

Nikauliza, "Iko wapi karatasi uliyotia sahihi?"

Tuliitafuta usiku kucha katika sanduku la marehemu, tukaipata kati ya vyeti vya watoto. Mimi ni karani, na kusoma maandishi madogo ndiyo kazi niliyolipwa kwayo. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, nao ulikuwa umekwisha zamani. Hata hivyo tuliiandikia kampuni barua fupi ya kuwaarifu kwamba ukuta utapakwa upya na mwenyewe, tukaweka nakala. Nawashauri wenye maduka wenzake wafanye hivyo hivyo, na wale wanaoletewa karatasi leo waulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: ni kwa muda gani, nani atalipa ada, na jina la duka litaandikwa wapi na kwa ukubwa gani.

Siku ya tatu akaja fundi wa rangi, kijana mwenye kusema kidogo. Alianza kwa kusugua ukuta kwa msasa, kwani rangi mpya haishiki juu ya rangi inayobanduka. Alipofika sehemu ya juu ya mlango alisimama, akaniita. Chini ya rangi ya kampuni ilitokeza herufi ya buluu, kisha nyingine. Lilikuwa jina la shemeji yangu, alilolichora mwenyewe kwa brashi alipofungua duka, na mwaka pembeni: 1971. Herufi ya mwisho ilikuwa imesongwa, maana alikosa nafasi. Marehemu hakuwa mtu wa kupima kwanza.

Mpwa wangu alitoka nje akatazama. Alikaa kimya kitambo, akamwambia fundi, "Hapo usisugue tena."

Kisha alinieleza kwamba wazee wa vijijini hawajapata kuliita duka kwa jina la ile bidhaa wala kwa jina lake yeye. Wamtumapo mtoto humwambia nenda kwa fulani, nao humtaja marehemu. Mtoto asiyejua kusoma hakudhurika. Ajuaye kusoma alitafuta jina hilo ukutani asilione, akaenda duka jingine. Ni wangapi walipotea hivyo hatuwezi kujua.

Fundi alifanya kazi siku nne. Chini, hadi kimo cha futi tatu, alipaka rangi ya mafuta nyekundu-kahawia, kwa sababu mvua ya Bungoma hurusha udongo mwekundu juu ya kuta, na ukuta mweupe hadi chini haumalizi wiki moja bila aibu. Juu alipaka rangi ya maji nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, isiyoumiza macho jua la alasiri. Jina likaandikwa upya kwa buluu ile ile mahali pale pale, na safari hii herufi zilipimwa kwa rula. Chini yake, kwa herufi ndogo, vitu vinavyouzwa. Nambari ya simu nilishauri iachwe, nilishindwa.

Seremala aliikata miguu ya kaunta inchi kumi na nne, na mbele yake akatengeneza ngazi moja ya ubao kwa ajili ya walio wafupi zaidi. Ule mbao mzito haukuharibiwa. Wavu ulikatwa ukabaki upande wa fedha tu. Vipande vilivyobaki fundi wa kuchomelea alivigeuza kuwa pindo la mlango na kimia cha chini ya paa. Bati moja lilitolewa likawekwa la plastiki lipitishalo mwanga, na taa haikuwashwa tena kabla ya magharibi. Mizani, ambayo ilikuwa pembeni gizani, imewekwa mwisho wa kaunta, sindano yake ikimwelekea mteja, na mhuri wa ukaguzi wa mwaka ukionekana. Bei zimeandikwa kwenye vikaratasi, kila rafu na chake. Hilo nalidai kuwa langu, nami nalo nimelitoa kwa vipepeo wa Kanali Stoneham.

Gharama yote ilikuwa shilingi 45,200. Mpwa wangu alitaka zilizobaki ziwekwe vigae sakafuni. Mkewe alikataa, na safari hii alisema mbele yangu bila kuona haya: "Baba Watoto, mtu hatakuja kununua vigae." Zikanunuliwa sukari na unga.

Sisemi kwamba mauzo yamepanda. Siku chache hazitoshi kupima biashara, na mwezi huo watu walikuwa bado na fedha za mahindi. Naandika nilichokiona tu. Asubuhi ya kuondoka kwangu alikuja yule mtoto wa kike wa chumvi na sukari. Alipanda ngazi ya ubao, akaweka viwiko juu ya kaunta kama mtu mzima, akasoma kikaratasi cha rafu kwa sauti, herufi kwa herufi, akanyosha kidole. Mama wa duka alimpimia, naye akaitazama sindano mpaka ikatulia.

Nilikuwa nimekwisha kupanda garini yule mama aliponijia mbio. Kifuniko cha kaunta, alisema, chafungwa kwa bawaba za bati nyepesi, nazo zimeanza kulegea. "Mjomba, ukirudi kwa njia ya Kitale, utuletee mbili za shaba, za inchi tatu. Za hapa hazina nguvu."

Nimezipata, katika duka la zamani lenye ngazi. Ilibidi nisimame mbali nikitaja nilitakalo mara tatu.